Madam Benta Oyugi, Kamera Yake na Kikapu cha Mwezi wa Tatu

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu wa 2025, Madam Benta Oyugi, mpiga picha wa Muungano wa Mashamba ya Kando ya Ziwa, anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na sita na miezi minane. Katika hiyo, miaka ishirini na miwili aliendeshwa na mimi, Fabian Wechuli, dereva mkuu na wa pekee, na kabla hatujaenda mbele ni lazima msomaji aelewe jambo moja: bila mimi, kilimo hai kisingefika popote upande huu wa Kenya. Kamera haina magurudumu. Kila mahali Madam alipopiga picha ni mimi niliyempeleka, na mara nyingi ni mimi niliyemwonyesha pa kusimama. Kwa hesabu ya haki, nusu ya picha zile ni zangu. Nilimwachia aandike jina lake peke yake kwa sababu mimi si mtu wa kutafuta sifa.

Meneja wetu, Madam Sheryl, aliponiita na kuniambia niandike wasifu huu wa jarida letu, alisema amenichagua kwa kuwa nimekaa na mstaafu muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote hapa. Mimi nikajiongezea moyoni kwamba ni kwa sababu ya Kiswahili changu pia. Shule niliachia darasa la saba, lakini mwalimu wetu kule Bungoma alikuwa anachukua insha zangu na kuwasomea darasa la nane ili waone haya. Vijana wa ofisini wanaoniita Anko wanalijua hilo, nimewaambia.

Madam Benta alizaliwa mwaka wa 1965 karibu na Kendu Bay. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi katika studio ndogo hapa mjini Kisumu, akipiga picha za pasipoti na za kitambulisho. Miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasicheke. Aliajiriwa na Muungano tarehe 1 Machi 1999 kama karani wa mapokezi, kazi ya kupokea simu na kuwapa wageni kitabu watie sahihi. Wiki ya tatu walikuja wageni kutazama mboji, na filamu ikakwama ndani ya kamera ya ofisi. Wakubwa wakaigongagonga kama redio mbovu. Madam akainuka kwenye meza yake, akavua sweta, akaingiza kamera na mikono yote miwili ndani ya sweta ili mwanga usiingie, akaifungua humo gizani kwa vidole peke yake na kuinyoosha ile filamu. Tangu siku hiyo simu ya mapokezi ililia bila mtu wa kuipokea.

Miaka ile filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na thelathini na sita hizo zilitakiwa kumaliza mwezi. Kwa hiyo alijifunza kutazama kwanza. Nimemwona akichuchumaa mbele ya kabichi moja kwa muda wa kutosha mtu kwenda kunyolewa na kurudi. Hata zilipokuja kamera za siku hizi, ambazo unaweza kupiga nazo picha elfu moja kabla ya chai, hakubadilika. Alikuwa na sheria zake, na ukizivunja hagombi, anafunika tu lenzi na kungoja. Sheria kubwa ilikuwa hii: haongezi kitu kwenye shamba la mtu wala haondoi. Jani likiwa na tundu la mdudu, analitafuta hilo hilo. Alikuwa anawaambia wakulima kwamba lile tundu ndilo cheti chao, kwa sababu mdudu hali mahali penye sumu.

Sasa, huku kwetu mtu akisikia anapigwa picha, anavaa. Picha si mchezo. Ndiyo itakayotundikwa sebuleni, na ndiyo itakayowekwa kwenye programu ya mazishi siku ikifika. Mzee Obiero, aliyekuwa bingwa wa mboji kuliko mkulima yeyote niliyewahi kumtembelea, alitupokea amevaa suti ya kijivu, tai, na viatu unavyoweza kujitazamia, akasimama kando ya samadi kama askari wa gwaride. Madam alimsalimia vizuri, akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kumuuliza habari za minyoo. Jua likapanda. Mzee akavua koti. Akaeleza zaidi, akalegeza tai. Saa sita ilipofika alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, ameshika uma wa shamba, anageuza mboji na kulaani watu wanaoitupia plastiki. Hapo ndipo kamera ililia, mara moja tu. Mzee alinivuta pembeni akaniambia kwamba huyu mama amemchezea, suti yake imetoka kabatini bure. Alipofariki mwaka wa 2011 familia yake ilikuwa na picha nne za suti. Kwenye programu waliweka ile ya mboji.

Kisa cha kiboko wa Dunga kila mtu hapa amekisikia, lakini wengi wanakieleza vibaya, na aliyekuwepo ni mimi. Tulifika asubuhi tukamkuta katikati ya spinachi ya mama mmoja, mkubwa kuliko gari letu ukiongeza na keria yake juu. Niliteremka, nikamwangalia macho kwa macho, nikarudi garini nikapiga honi ya namna fulani ninayoijua mimi, na yule mnyama akarudi ziwani kinyumenyume, kwa heshima. Picha aliyopiga Madam inaonyesha nyayo kama masufuria kwenye tuta la spinachi, mwenye shamba ameshika kiuno, na nyuma kabisa gari letu likiwa na madirisha yote yamepandishwa juu. Hiyo ilikuwa kwa sababu ya mbu.

Kazi yake kubwa kuliko zote iko upande wa Nyakach, ukishapita Katito, kwa mkulima anayeitwa Mama Lorine. Mwaka wa 2004 korongo la mmomonyoko lilikuwa limebakiza hatua thelathini lifike jikoni kwake. Madam alitafuta jiwe moja, akasimama juu yake, akapiga picha ya korongo. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, jiwe lile lile. Na uliofuata. Picha ya kwanza ni kidonda chekundu. Ya tano ina mistari ya nyasi na matuta. Ya tisa, huoni korongo mpaka mtu akuonyeshe migomba iliyoota ndani yake. Picha hizo zilipopangwa mezani kwenye baraza la chifu, wale wanaume waliokuwa wakisema kilimo hai ni mchezo wa wanawake wasio na kazi wiki mbili baadaye walikuja kwa Mama Lorine kuomba vipando vya nyasi.

Na picha ikishasafishwa ilikuwa lazima irudi kwa mwenyewe. Sijawahi kumwendesha Madam kwenda shambani bila bahasha ya kaki mapajani. Kutoka Ahero mpaka Seme, ingia nyumba yoyote ya mkulima wetu, utaona ukutani mtu mwenye matope mikononi, na huyo mtu anapendeza.

Hapa mwandiko wangu unaanza kuwa mdogo, mniwie radhi.

Ili nipate tarehe za wasifu huu, Madam Sheryl alinipa faili ya mstaafu. Nilikuwa naifungua kwa raha zangu. Katikati yake nikakuta barua ya onyo ya tarehe 14 Aprili 2015. Inasema Benta Oyugi alipamba picha ya kalenda kwa mboga zisizo za shamba, na kwamba amesimamishwa kushika kamera kwa miezi sita. Nilijua barua hiyo iko. Sikujua jambo la pili, aliloniambia karani wa ofisi: kwa desturi ya ofisi yetu, barua ya utumishi anayoondoka nayo mstaafu hutaja kila onyo lililomo ndani ya faili. Yaani mama huyu, ambaye hajawahi kusogeza hata jani moja mbele ya lenzi, angerudi Kendu Bay na karatasi yenye mhuri inayosema alidanganya kwa picha. Ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa inangoja sahihi.

Ile mboga niliiweka mimi.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka wa 2014. Kikundi cha Mama Lorine, akina mama kumi na tisa, kilikuwa kinapeleka sukuma wiki kwa hoteli moja ya Milimani, na kwenye kalenda ya 2015 ilitakiwa picha ya kikapu cha mavuno yao. Tulisimama Katito, Madam akanywa chai. Mimi niliingia sokoni nikanunua mafungu mawili ya sukuma: majani mapana, laini, bila hata alama moja, ile iliyopigwa dawa mpaka nzi anaipitia mbali. Wauzaji wale hufunga kwa kamba ya nailoni ya buluu. Akina mama wetu hufunga kwa kamba za mgomba, hiyo ni sheria ya kikundi. Tulipofika, watu wote walienda kwenye jiwe kutazama korongo, kikapu kikabaki mlangoni mwa jikoni, karibu na gari. Nikayatia mafungu yangu ndani ya kikapu. Mara mvua ikaanza kuja kutoka ziwani. Madam akakimbia, Mama Lorine akakiinua kikapu kikainama upande, zikapigwa picha tatu na maji yakatumwagikia. Watu wakiwa wanajikausha ndani, nikayatoa mafungu yangu nikayarudisha garini. Hakuna aliyeniona.

Madam angeiona ile kamba mara moja kwenye kompyuta. Macho yake huona vidukari kwenye jani akiwa hatua kumi. Lakini wiki hiyo mama yake mzazi alifariki, akaenda nyumbani kuzika, na picha ikachaguliwa na watu wa ofisi waliotaka kikapu cha kupendeza. Na karatasi ya majaribio ya kalenda ilipelekwa kwa wachapishaji na nani? Na dereva mkuu. Niliifungua nikiwa kwenye foleni. Kamba ya buluu ilikuwa pale chini upande wa kulia, wazi kama mkufu kwenye shingo ya bibi harusi. Nilikuwa na nafasi ya kugeuza gari. Foleni ikasogea, nikaikunja karatasi, nikaendelea mbele.

Kikapu kilitoka ukurasa wa mwezi wa tatu. Mpishi wa ile hoteli, jina lake Calvince, alikuwa anafungua kamba za mgomba kila siku anapoosha mboga. Asubuhi moja akainua macho juu ya sinki na kuiona kalenda. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu mbona kamba ya pale ni ya buluu. Lakini swali lile lilitosha. Hoteli ikasimamisha mboga, cheti cha kilimo hai cha kikundi kikasimamishwa, na pale Nyakach majirani wakaanza kusema kwamba Mama Lorine hunyunyizia dawa watu wakiwa kanisani. Sukuma wiki ya akina mama kumi na tisa ililiwa na ng'ombe.

Kamati ya Muungano ikamwita Madam Benta. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha naosha gari, gari nililokuwa nimeshaliosha asubuhi. Nilisikia kila neno. Walimwambia kwamba kuna njia mbili: mboga ya dawa ililetwa na mkulima, au mpiga picha alipamba. Achague.

"Mama Lorine hana kosa," akasema. "Picha ni yangu, basi jibu ni langu."

Kwa neno hilo shamba likapona. Udongo ulipimwa ukaonekana safi, na mwezi haukwisha kabla ya cheti kurudi. Lakini yeye alinyang'anywa kamera akapelekwa stoo kuandika majina ya mbegu kwenye mifuko. Mwezi wa tisa mwaka huo hakuna aliyesimama juu ya jiwe la Nyakach. Ukizipanga zile picha leo, mwaka wa 2015 haumo, na wageni huuliza kulikuwa na nini.

Siku ile ya kamati nilimrudisha nyumbani. Tulipofika kwenye mzunguko aliniuliza bila kugeuza uso.

"Baba Nangila, hii kamba ya buluu, umewahi kuiona kwa Mama Lorine?"

Mungu amenipa mdomo, nikautumia. Nilimwambia kwamba siku ile ya mvua nilimwona mchuuzi wa Katito akijikinga chini ya paa la jikoni. Nikaona haitoshi, nikampa yule mchuuzi baiskeli. Nikampa mbwa mweupe. Nikampa hata kikohozi. Madam alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Endesha."

Hakuniuliza tena kwa miaka kumi. Nangila wangu alipohitimu chuo, Madam alikuja na kamera yake bila kuitwa, akatupiga picha ile iliyo sebuleni kwangu mpaka leo. Kila nikikaa kula, inanitazama.

Jumatatu ya wiki iliyopita niliingia kwa Madam Sheryl, nikaweka faili mezani, nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi lakini yalitoka machache. Akaivuta ile faili karibu yake.

"Anko," akasema, "miaka kumi?"

Aliniagiza nitie sahihi maelezo yangu kwa kamati, kisha niyaandike pia katika jarida hili hili, yasomwe na watu wale wale waliopewa ile kalenda. Kamati ikakaa Jumatano. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili, na barua ya utumishi imechapwa upya. Nimeisoma mwenyewe mara tatu. Ni safi. Mama Lorine na kikundi chake nao wameandikiwa. Mimi nimepewa onyo langu, ambalo litabaki mahali pake.

Jumanne, kabla kamati haijakaa, nilikuwa nimeenda nyumbani kwa Madam. Nilimkuta anapanga filamu za zamani kwenye makopo ya biskuti. Nikiwa bado nimesimama nikamwambia ni mimi niliyeweka mboga. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwamba niliona majani ya Mama Lorine yana matundu mengi, nikaogopa hoteli itawadharau akina mama, nikataka kikapu kipendeze. Maelezo hayo hayo nilimpa Madam Sheryl, na hayo hayo yako kwa kamati.

Madam aliweka chini kipande cha filamu alichokuwa ameshika.

"Kumbe ulitaka kutusaidia," akasema, na akaenda kunipikia chai.

Chai ile ilinishinda. Niliizungusha kikombeni mpaka ikapoa.

Basi Madam Benta, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Muungano, na wakulima wa kutoka Seme mpaka Nyakach, pokea shukrani zetu. Umetufundisha kukitazama chakula kabla ya kukila, na kumtazama mtu aliyekilima. Vijana uliowafundisha kamera tayari wanachuchumaa mbele ya kabichi mpaka wanasahau chakula cha mchana. Uende nyumbani salama, ulime kidogo, ulale sana, wajukuu wakuchoshe kwa namna inayopendeza. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na ziwe nyepesi.

Wasifu kama huu huishia hapo, na Madam Sheryl ameniambia nisizidishe. Lakini Ijumaa utasomwa ukumbini na mstaafu atakuwa ameketi mbele, na lile neno la kusaidia siwezi kumwachia aende nalo Kendu Bay.

Madam, sikutaka kumsaidia mtu. Asubuhi ile, kutoka Kisumu mpaka Katito, nilikuhubiria kwamba nyumbani kwangu Kaloleni haiingii mboga ya dawa, na kwamba mwili huu unaouona umejengwa na kilimo hai peke yake. Yale mafungu mawili nilikuwa nimeyanunua ya kwenda kupika. Uliposema kutoka kule kwenye jiwe kwamba unakuja mwenyewe kutoa stendi ya kamera kwenye buti, niliona aibu uyakute, nikayasukumia kwenye kikapu kilichokuwa karibu. Ndiyo hiyo tu. Jioni ile nyumbani kwangu tuliyala na ugali, na mimi ndiye niliyeomba kuongezewa.